Gari la zamani likichemsha, pima feni kabla ya kung'oa thamostati

Mteja akiniletea Corolla 110 inayochemsha hapa gereji Nakuru, kabla sijafungua boneti namuuliza: inachemshia wapi? Kwenye foleni ya Kenyatta Avenue au kwenye mlima wa Mau Summit? Likichemsha kwenye foleni na geji ikashuka barabara inapofunguka, shuku feni, maana gari likikimbia upepo hupoza rejeta wenyewe. Likichemsha mlimani au kwenye mwendo mkali, angalia maji yaliyopungua, rejeta iliyoziba, thamostati (vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto) iliyokwama au pampu ya maji iliyochoka.

Acha injini ipoe kabisa, kisha fungua kifuniko cha rejeta. Hiki watu hukidharau sana. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji ya wazi huku huchemka karibu nyuzi 94. Feni za Toyota nyingi za zamani huwaka karibu nyuzi 93. Kifuniko kizima chenye namba 0.9 (kipimo cha shinikizo) hubana maji yasichemke hadi yapite nyuzi 110. Mpira wake ukipasuka au springi ikilegea, maji yanatokota feni ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Badilisha hicho kwanza.

Sasa feni. Toa terminali ya betri, maana kwenye magari mengine feni huweza kuwaka hata ufunguo ukiwa umetolewa. Izungushe kwa mkono. Ikikwaruza au ikiyumba, bushi zimekwisha. Chomoa soketi ya mota, kisha iletee umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa waya mbili. Ikizunguka kwa nguvu, mota ni nzima. Isipozunguka, gonga mgongo wa mota taratibu kwa mpini wa spana, waya zikiwa bado zimeshikwa. Ikishtuka na kuanza, brashi za kaboni zimeisha. Tafadhali usiondoke nayo hivyo eti imepona. Itawaka gereji, kesho ikatae ukiwa Salgaa umebeba watoto.

Itazame soketi yenyewe pia. Plastiki ikiwa imegeuka kahawia na waya umekauka ukawa mgumu karibu na pini, mota inavuta umeme kupita kiasi au pini zimelegea. Kuweka fyuzi kubwa zaidi hapo ni kualika moto.

Mota ikiwa nzima, rudi nyuma: fyuzi, rilei (swichi ndogo inayopitisha umeme wa feni), na swichi ya joto inayosoma joto la maji. Rilei ibadilishane na nyingine yenye namba ileile tu, kwa sababu kwenye baadhi ya Toyota rilei ya feni hufanya kazi kinyume na zile zingine. Swichi nayo ndiyo huwachanganya mafundi wengi. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990, swichi hukata umeme joto likipanda; kwa hiyo ukichomoa soketi yake, betri ikiwa imeunganishwa tena na ufunguo ukiwa umewashwa, feni inatakiwa kuanza. Kwenye magari mengine mengi, feni huanza mpaka uunganishe zile waya mbili za soketi ya swichi. Nimeona swichi nzima zikitupwa kwa kutojua tofauti hiyo.

Kuhusu thamostati, inaniuma kuona fundi anaing'oa na kuitupa kama dawa ya kila gari. Injini inakaa baridi asubuhi, inakunywa petroli, na ugonjwa wenyewe umebaki. Itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni. Iliyopigwa chapa ya 82 inatakiwa ianze kufunguka kabla maji hayajatokota, hata kwa huku kwetu. Isipofunguka, nunua nyingine.

Yote hayo yakiwa sawa na bado linachemsha, chunguza gasketi ya silinda hedi: mapovu yasiyokoma kwenye rejeta injini ikiunguruma, oili iliyogeuka kama chai ya maziwa, moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto.

Ukimaliza, jaza kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) badala ya maji matupu yanayoleta kutu. Injini ikiwa baridi, iwashe kifuniko kikiwa wazi na hita ikiwa kwenye joto, ongeza mpaka mapovu yaishe, kisha funga kabla maji hayajapata moto. Usilipokee gari mpaka umeiona feni ikiwaka yenyewe, ikazima, ikawaka tena.