Namna ya Kufuatilia Kombe la Mataifa la Mpira wa Magongo kwa Wanaume

Kabla ya mchezo wa kwanza kuanza, jiulize timu hizi zinagombea nini. Kombe la Mataifa, linaloandaliwa na FIH, shirikisho la kimataifa la mpira wa magongo, halimtafuti bingwa wa dunia. Ni mashindano ya daraja la pili, yanayozikutanisha timu za taifa zilizo chini ya zile zinazocheza Pro League, ligi ya juu ya FIH, ambamo Uholanzi, Ubelgiji, Ujerumani, Australia na India hukutana kila msimu. Bingwa wa Kombe la Mataifa hupewa nafasi ya kupanda huko, na timu inayoshika mkia katika Pro League hushuka. Ukilielewa hilo, utaelewa pia kwa nini timu iliyokwisha kuikosa nusu fainali hucheza kama iliyoishiwa na pumzi.

Mtazamaji aliyezoea soka hana mengi ya kujifunza upya, ila yapo machache yatakayompotosha asipoyajua. Mchezo una robo nne za dakika 15 kila moja, wachezaji hubadilishwa wakati wowote bila kikomo, na hakuna kuotea. Bao halihesabiwi mpaka mpira uguswe na gongo la mshambuliaji ndani ya nusu duara lililo mbele ya goli, ambalo ukingo wake uko kama mita 14.63 kutoka kwenye mstari wa goli. Kadi ya kijani humtoa mchezaji kwa dakika mbili, ya njano kwa dakika tano au zaidi, na nyekundu humtoa moja kwa moja.

Jambo linalostahili macho yako kuliko yote ni kona fupi. Hutolewa hasa beki anapofanya kosa ndani ya nusu duara, au anapofanya kosa la makusudi karibu na eneo lake. Walinzi wasiozidi watano, kipa akiwa mmoja wao, husimama nyuma ya mstari wa goli, na wenzao wote hurudishwa nyuma ya mstari wa katikati ya uwanja. Mshambuliaji mmoja huusukuma mpira kutoka mstari wa goli, nao ni lazima utoke nje ya nusu duara kabla ya mtu yeyote kuupiga golini. Hapo ndipo utamu ulipo: ikiwa shuti la kwanza ni la kupiga kwa nguvu, mpira haupaswi kuvuka mstari ukiwa juu zaidi ya sentimita 46, yaani urefu wa ubao wa nyuma ya goli, lakini mpigaji akiukokota mpira kwa gongo kisha akaurusha, anaruhusiwa kulenga hata pembe ya juu. Chukua karatasi, uhesabu kona fupi za kila timu na mabao yaliyotokana nazo. Kwa maoni yangu, katika daraja hili hesabu hiyo hukueleza zaidi kuliko asilimia za kumiliki mpira, kwa kuwa timu nyingi zina mrushaji mmoja tu wa kutegemewa, na siku anapokaa benchi kwa kadi ya njano timu nzima hubadilika.

Jedwali nalo lina mtego wake. Mjini Kuala Lumpur mwaka 2025 timu nane ziligawanywa katika makundi mawili, na mbili za juu za kila kundi zikaingia nusu fainali. Ushindi una pointi tatu na sare moja, lakini timu zikilingana pointi, kinachotazamwa kwanza ni idadi ya michezo ambayo kila moja imeshinda, ndipo tofauti ya mabao ifuate. Kwa hiyo timu iliyoshinda mara moja na kupoteza mara mbili hukaa juu ya ile iliyotoka sare mara tatu, hata kama imefungwa mabao mengi.

Nusu fainali ikiisha kwa sare, huamuliwa kwa mchezaji mmoja dhidi ya kipa. Mchezaji huanzia mstari ulio kama mita 23 kutoka mstari wa goli na kupewa sekunde nane, kwa hiyo mtazame kipa zaidi kuliko mpigaji: akiweza kumchelewesha tu, saa humfanyia kazi iliyobaki. Ndivyo Pakistan ilivyoitoa Ufaransa mwaka 2025 kwa 3-2, baada ya sare ya 3-3, kisha ikafungwa 6-2 na New Zealand katika fainali.

Usiache kufuatilia baada ya fainali. Afrika Kusini ilitwaa kombe la kwanza huko Potchefstroom mwaka 2022 kwa kuifunga Ireland 4-3, lakini haikupanda, na nafasi ikachukuliwa na Ireland. New Zealand ilishinda mwaka 2024 huko Gniezno, Poland, na tena mwaka 2025, na mara zote mbili haikupanda. Mara ya pili nafasi ikaenda kwa Pakistan. Kucheza Pro League ni kusafirisha kikosi kizima bara hadi bara, na si kila chama cha michezo kina mfuko wa kuumudu msimu wa namna hiyo. Subiri basi tangazo rasmi la orodha ya msimu unaofuata kabla ya kumpongeza mtu kwa kupanda.

Michezo mingi huonyeshwa na FIH yenyewe kupitia Watch.Hockey, jukwaa lake la mtandaoni. Msomaji aliyeko Oman anaweza kuanzia ngazi ya chini yake, Kombe la Mataifa la Pili, ambalo Muscat ililiandaa Februari 2025. Na msomaji wa Kenya, ambayo ilimaliza ya nne katika Kombe la Dunia la mwaka 1971 huko Barcelona, atazame ngazi hizi kwa makini, akihesabu ngapi zimebaki kati ya timu yake na mahali ilipowahi kusimama.