Somo: Kupanda Jabal Shams kwa kundi, kuanzia uwanda wa juu hadi kilele cha kusini

Assalaam alaykum ndugu zangu. Joto limeanza kupungua hapa Maskati na kila siku napata ujumbe: lini tunapanda Jabal Shams? Wengi wanaouliza hawajawahi kuparamia mwamba hata mara moja. Basi nimeona niandike somo zima, kisha nijibu maswali hapo chini. Nitafuata njia ya W4, yaani ile ya miguu inayopanda mpaka kilele cha kusini, kwa sababu ndiyo tunayoipanda kila msimu na ndiyo ninayoijua kwa nyayo zangu.

Mjue kwanza mnakokwenda. Jabal Shams, jabali la jua, ndio mlima mrefu kuliko yote Oman. Kilele cha kaskazini, chenye mita 3,009, kimo ndani ya eneo la jeshi na hakuendwi. Sisi tunakwenda cha kusini, kilichopungukiwa na mita chache tu kufika 3,000. Gari linakufikisha karibu mita 2,000, kwa hiyo miguu inabakiwa na mita elfu moja hivi za kupanda, na safari nzima, kwenda na kurudi, inakula saa 8 mpaka 10. Njiani hamna kisima, hamna falaji (mfereji wa maji wa jadi wa Oman), hamna duka. Kila tone mtakalokunywa mmelibeba mgongoni wenyewe. Hilo ndilo linalotawala mengine yote, ndiyo maana naanza nalo.

Hatua ya 1: Maji

Kuanzia Novemba mpaka Machi kila mtu abebe lita 4. Oktoba na Aprili, lita 5. Lita moja ni kilo moja, najua ni mzigo, lakini nimeshakagua mabegi ya watu pale kwenye magari na kumwambia mtu abaki kwa sababu ana chupa mbili ndogo. Asiniambie mtu "tutagawana." Yako yakishaisha, unayokunywa ni ya mwenzako, naye aliyapima kwa ajili ya mwili wake.

Baridi ya huko juu inadanganya. Upepo unakausha jasho kabla hujaliona, shati linabaki kavu, kiu hakiji, kumbe mwili unakauka. Kwa hiyo kila nusu saa nasimamisha kundi na kila mtu anakunywa, mwenye kiu na asiye na kiu. Tena maji matupu peke yake hayatoshi, maana chumvi inatoka na jasho. Beba tende, karanga za chumvi, na pakiti mbili za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Na sharti letu ni moja: maji yako yakifika nusu, unageuka, hata kama kilele unakiona kwa macho. Hageuki mtu peke yake. Anageuka na wenzake wawili.

Hatua ya 2: Kupanga kundi

Watu 6 mpaka 10, wasizidi. Kiongozi anatangulia, na nyuma kabisa anakaa mfunga msafara, ambaye awe mzoefu na mwenye pumzi, kwa sababu matatizo yote huanzia nyuma. Anayekwenda polepole kuliko wote mweke wa pili, nyuma ya kiongozi. Hapo mwendo wake unakuwa mwendo wa kundi, naye hajioni ameachwa.

Msimu mmoja, wakati wa kushuka, niliwaruhusu vijana wawili watangulie. Walikuwa na nguvu, wakinung'unika kwamba tunachelewa, nami niliona haya kuwazuia. Walifuata njia ya mbuzi wakidhani ndiyo njia yetu. Njia ya mbuzi huku inapendeza kuliko ya watu: nyembamba, safi, imekanyagika vizuri. Ile yao ilikwenda ikakatikia kwenye kibaraza cha mwamba, chini yake shimo. Sisi tulifika kwenye magari wakati wa Alasiri, hawapo. Tulirudi juu tukipiga filimbi, tukawakuta karibu na Magharibi, wamekaa wamegusana mabega, chupa moja katikati yao ina funda mbili tatu. Kosa lilikuwa langu, nililiomba radhi kwa mama zao wote wawili. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Tangu siku ile hatangulii mtu mbele ya kiongozi, awe nani.

Hatua ya 3: Saa

Tunaondoka Maskati Ijumaa baada ya Swala ya Ijumaa, tunapita Nizwa na Al Hamra, tunapanda kwa njia ya Ghul na kulala kwenye uwanda. Njoo na fowili, gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, na kwenye miteremko tumia gia ndogo, usiegemee breki. Usiku wa Januari baridi huko inaweza kushuka mpaka sufuri, kwa hiyo blanketi la Maskati halifai kitu.

Jumamosi tunaswali Alfajiri, tunakunywa chai, na saa 12 asubuhi tupo njiani. Saa 6 mchana ikitukuta hatujafika kileleni, tunarudi. Desemba jua linazama kabla ya saa 11 na nusu jioni, na giza likishaingia kwenye mawe yale kila hatua ni kubahatisha. Kila mtu abebe tochi ya kichwani, hata kama hatutarajii kuitumia.

Hatua ya 4: Kufuata alama

Njia imepakwa rangi kwenye mawe: mistari mitatu, njano, nyeupe na nyekundu. Ukitembea dakika tano bila kuona alama, simama. Kundi zima linakaa palepale, mtu mmoja anarudi mpaka alama ya mwisho, na kutoka pale ndipo inapotafutwa inayofuata. Msitawanyike kutafuta, kila mmoja upande wake.

Hatua ya 5: Kuparamia

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoumia. Sehemu kubwa ya W4 ni kutembea juu ya mawe, lakini kuna mahali mikono inahitajika, na ukishaingia kwenye makorongo mengine ya milima hii utahitaji mikono zaidi.

Mwamba wa huku ni wa chokaa. Ukiwa mkavu unashika soli vizuri sana, lakini una meno. Unachana viganja kama msasa. Vaa glavu nyepesi. Chini kwenye wadi, yaani bonde la mto unaokauka bila mvua, maji ya miaka mingi yameusugua mwamba uleule ukawa laini kama sahani, na hapo kiatu kinateleza hata pakavu.

Kabla ya kulipa jiwe uzito wako, libishie hodi. Kunja ngumi uligonge kwa kifundo cha kidole. Jiwe lililoshikana na mlima linatoa sauti fupi, nzito. Lililoachana linaitika kama mtungi mtupu, na ukiweka kiganja cha pili juu yake utalisikia likitetemeka. Hilo liache. Kama huna budi kulitumia, lisukume kwa chini, usilivute kwako.

Una mikono miwili na miguu miwili. Vitatu vishike, kimoja ndicho kiende. Usiinue mguu mpaka mikono yote imetulia. Na mzigo wa kupanda ni wa miguu. Mikono kazi yake ni kukuweka sawa. Wageni hujivuta kwa mikono, na baada ya robo saa vidole vinatetemeka. Angalia pa kukanyaga kwanza, halafu pa kushika. Usilale kifua juu ya mwamba kwa hofu. Ukiukumbatia, miguu inasukumwa nje na ndiyo inateleza. Simama wima, uzito juu ya nyayo.

Usitie mkono mahali jicho halijafika. Mianya ya mawe ina nge, na nyoka wapo.

Kwenye mteremko wa mawe yaliyolegea asikae mtu chini ya mwenzake. Pandeni mmoja mmoja huku wengine wamejificha pembeni, au pandeni kwa mshazari. Jiwe likitoka, hata dogo kama yai, piga kelele "JIWE!" Ukisikia kelele hiyo usiinue uso kutazama, jibane kwenye mwamba, begi liwe juu ya shingo.

Hatua ya 6: Kushuka

Kufika kileleni ni nusu ya kazi, na nusu iliyobaki inafanywa na magoti yaliyochoka. Panapohitaji mikono, geuka uutazame mwamba, ushuke kama unavyoshuka ngazi. Watu huona aibu kugeuka, wanashuka wameketi, begi linagonga nyuma na kuwasukuma mbele. Na kabla hujaparamia popote, jiulize kama utaweza kushuka hapo hapo. Kupanda ni kwepesi kuliko kushuka, kwa sababu ukipanda unaona unapokwenda.

Vifaa vingine kwa ufupi: viatu vya soli ngumu vilivyokwisha kuzoea mguu, kofia na kilemba, mikono mirefu, filimbi, bendeji ya kifundo cha mguu, simu yenye chaji. Mtandao haushiki kila mahali, kwa hiyo acha habari nyumbani: njia gani, watu wangapi, saa ngapi wapige simu polisi kama hamjarudi. Namba ya dharura ni 9999.

Maswali ya wanachama

*Mimi niko Dar, nilifika Uhuru mwaka juzi. Nakuja Maskati Januari. Si nitapanda Jabal Shams kwa wepesi tu?*

Karibu sana, kaka. Mapafu yako hayatapata shida. Mita 3,000 ni karibu nusu ya 5,895. Lakini Kilimanjaro ulibebewa mzigo, ulipikiwa, ulichemshiwa maji, ukapanda kwa siku kadhaa. Hapa unabeba mwenyewe na unamaliza siku moja juu ya mawe. Njoo na magoti mazima, na fanya mazoezi ya kushuka ngazi, si kupanda tu.

*Mwalimu, ninavaa baibui siku zote. Naweza kupanda nalo?*

Dada yangu, baibui linanasa kwenye meno ya mwamba na linakuficha miguu yako mwenyewe, usione unapokanyaga. Dada zetu wa kundi wanavaa suruali pana, juu yake kanzu fupi ya kufika magotini, na mtandio uliobanwa vizuri usipeperuke mbele ya macho. Wamejistiri na wanapanda vizuri. Baibui liache kwenye gari, utalivaa ukirudi.

*Kwa nini tusifunge kamba, tushikane wote?*

Kwa sababu kamba isiyofungwa kwenye mwamba inawaunganisha watu kwenye anguko moja. Akiteleza wa juu anawazoa wa chini. Kamba ni salama mikononi mwa aliyefundishwa kuifunga kwenye mwamba na kumshikilia mwenzake. Mahali panapohitaji kamba, sisi hatupiti, au tunakwenda na mwongozaji mwenye ujuzi huo, tumevaa helmeti.

*Mtu akizidiwa na joto tufanye nini? Ndugu yangu alianza kuongea maneno yasiyoeleweka kwenye wadi moja.*

Kuongea ovyo, kuyumba, kuwa mkali bila sababu, hizo ni dalili kwamba joto limefika kwenye ubongo, na ni dharura ya kufa na kupona. Usimwambie apumzike kidogo kisha aendelee. Mweke kivulini, mvue nguo za juu, mwagie maji mwilini, hasa shingo, makwapa na kichwa, mpepee bila kuacha. Maji ya kunywa mpe kama anameza mwenyewe tu. Wakati huohuo mwingine apige 9999. Aliyechoka lakini akili yake timamu, jasho linamtoka, kichwa kinamuuma, huyo apumzike, anywe ORS, na safari yake iishie hapo.

*Nina watoto wa miaka 8 na 10. Wanaweza W4?*

Hapana, saa ni nyingi mno kwao. Njia ya W6, inayotoka Al Khitaym na kupita ukingoni mwa korongo la Nakhr mpaka kijiji kilichohamwa cha As Sab, ni fupi na haina mpando mkubwa, lakini upande mmoja ni shimo la mamia ya mita na hakuna uzio. Mtoto wa miaka 10 mtulivu, akitembea upande wa ukuta na mkono wake uko mkononi mwako, sawa. Wa miaka 8 mpeleke kwanza Misfat al Abriyyin, atembee kando ya falaji kwenye mitende, azoee mawe.

*Nikitazama chini napata kizunguzungu, miguu inakufa ganzi. Niache?*

Usiache, ila niambie kabla hatujaondoka. Nitakuweka nyuma yangu. Utatazama visigino vyangu, na miguu ikikataa utakaa chini, ugeukie mwamba, uvute pumzi ndefu mara kumi. Tukiona bado, tunageuka pamoja.

*Tukiona mawingu mbali, tuendelee?*

Mkiwa kwenye ukingo wa juu na kuna ngurumo, shukeni kutoka huko juu mara moja. Mkiwa ndani ya wadi, msingoje mvua iwafikie. Mvua inanyesha mlima mwingine, kwenu kuna jua, na ardhi hii ya mawe hainywi maji. Yanakuja yote kwa pamoja. Maji yakibadilika rangi au mkisikia mngurumo kama wa lori, acheni mabegi mpande ubavuni.

*Ramadhani mnapanda?*

Mchana hatupandi. Tunasubiri Shawwal. Safari ya kwanza ya msimu huu tutaitangaza baada ya kukagua njia. Anayetaka kuja aniandikie ana viatu gani na mara ya mwisho alitembea saa ngapi mfululizo.