Filibasta: namna ya kulitumia neno hili kwenye habari

Diwani akiongea kupita muda wake katika kikao cha Manispaa ya Kigoma Ujiji, usiandike kwamba amepiga filibasta, yaani amezuia kura kwa kutoruhusu mjadala ufungwe. Amezidisha dakika tu, na Mstahiki Meya atamkatiza. Filibasta inahitaji kanuni inayoruhusu mjadala uendelee mpaka kura ishindwe kupigwa. Bila kanuni hiyo, hotuba ndefu ni hotuba ndefu.

Makao ya neno hili ni Seneti ya Marekani. Huko, kwa miswada mingi, mjadala haufungwi mpaka maseneta 60 kati ya 100 wakubali. Hapa ndipo watangazaji wanapojikwaa, wakisema muswada unahitaji kura 60 ili upite. Hapana: 60 ni za kufunga mjadala, na kupitisha ni wingi wa kawaida. Kwa hiyo ukikuta kura 53 kwa 47, andika "muswada umekwama, kura za kufunga mjadala hazikutosha." Ukiandika "umekataliwa kwa kura 53", msikilizaji wa Ujiji atauliza 53 inashindwaje na 47, na atakuwa na haki.

Usimsimamishe seneta usiku kucha kama hakusimama. Strom Thurmond kweli aliongea saa 24 na dakika 18 mwaka 1957 kupinga muswada wa haki za kiraia (ukapita vilevile). Siku hizi mara nyingi hakuna hotuba. Kura 60 zikijulikana hazipo, muswada unawekwa kando. Uteuzi wa maofisa na majaji, ambao Seneti huuthibitisha, haumo tena katika kanuni hii ya kura 60: wingi wa kawaida unatosha tangu 2013, na kwa majaji wa Mahakama ya Juu tangu 2017.

Kwa Bunge letu la Dodoma neno halikai. Mbunge ana dakika zake na kengele inalia. Bajeti nayo, muda ukiisha, huingia gilotini: mafungu yaliyobaki yanahojiwa bila mjadala. Wapinzani wakitoka ukumbini, wamesusia. Wakiomba mwongozo, taarifa na utaratibu mfululizo, wanavuta muda; aliyewahi kuona golikipa akifunga kamba za viatu dakika ya 88 anakuelewa.

Hewani, sema "kupiga filibasta". "Kufilibasta" kunakwama mdomoni. Upatanisho ni wa I-ZI: filibasta hii imedumu. Likitajwa mara ya kwanza, liambatanishe na "yaani kuzuia kura kwa kutoruhusu mjadala ufungwe".