Karai la chipsi likiwaka: zoezi la siku ya kwanza kazini

Mfanyakazi mpya wa jikoni, kabla hajaoneshwa kisu cha viazi, aoneshwe mfuniko. Uwe wa bati, mpana kuliko karai, usio na tundu, na uning'inizwe pembeni, si ukutani nyuma ya jiko ambako itabidi apitishe mkono juu ya moto kuufikia.

Mafuta yakishika moto, wengi hukimbilia ndoo ya maji. Hapo ndipo watu huungua. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo huzama, na kwa joto lile hugeuka mvuke papo hapo: lita 1 hutoa mvuke wa lita zipatazo 1,700. Mvuke huo hurusha mafuta yanayowaka mpaka darini.

Afunge gesi kama valvu inafikika, kisha atelezeshe mfuniko kuanzia upande wake akiusukuma mbele. Jiko la mkaa, azibe mlango wa chini. Halafu nusu saa bila kuchungulia. Mafuta yangali moto yakipata hewa huwaka tena. Karai lisibebwe kupelekwa nje, hata mwenye duka akipiga kelele. Moto ukishatoka nje ya karai, watu watoke, zimamoto waitwe.

Afanye zoezi hili mara tatu karai likiwa baridi. Kusoma karatasi ukutani hakutoshi.

Mafuta yasizidi nusu ya karai, viazi vichujwe maji vizuri. Aliyeungua: maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20. Dawa ya meno ibaki bafuni.