Kusafisha mkanda wa picha wa nyeusi-na-nyeupe Mwanza kwa kahawa ya Bukoba na magadi

Jumamosi mpwa wangu alikuja Nyegezi na kamera ya Zenit-E ya marehemu babu yake pamoja na mikanda miwili aliyokwisha kuipiga. Alishazunguka mjini kutafuta pa kuisafishia. Studio aliyoiulizia mwisho walimwambia mashine yao iliondoka siku nyingi. Tukakaa jikoni kwangu hadi saa tano usiku, na kila alichoniuliza nimekiandika hapa kwa ajili ya mwingine mwenye kamera ya mzee kabatini.

Dawa ninayoitumia ni ile ya kahawa, iliyobuniwa mwaka 1995 na darasa la Dkt. Scott Williams pale Rochester, Marekani. Vitamini C iliongezwa baadaye na wapiga picha wengine, ikaifanya ifae kweli. Naipenda kuliko dawa za kopo kutoka nje kwa sababu karibu kila kitu chake kiko huku kwetu kanda ya ziwa.

Hatua ya 1: Kamera

Fungua mgongo, mulika pazia la kitambaa kwa tochi. Likiwa na nyufa, kamera iende kwa fundi kwanza. Kisha toa lenzi, elekeza kamera dirishani, ufyatue kwa kasi ya 30 na ya 500 (sehemu ya sekunde) huku ukitazama kwa nyuma; mwanga upite upana wote wa fremu, usikatike upande mmoja.

Kipimamwanga cha Zenit-E hakitumii betri, lakini vingi vimeshakufa kwa uzee. Usikiamini hata sindano ikicheza.

Kama lenzi yako ni Helios-44-2, ina pete mbili za tundu, yaani uwazi unaopitisha mwanga (namba ikiwa kubwa, uwazi ni mdogo): moja unachagua namba, nyingine unafungua ili uone vizuri wakati wa kulenga, halafu unafunga kabla ya kupiga. Mpwa wangu alisahau kufunga. Fremu zake nne za mwanzo zilitoka nyeusi kama lami.

Hatua ya 2: Mkanda na mwanga

Nunua ASA 100 (ASA ni namba ya wepesi wa mkanda kupokea mwanga). Mimi natumia Fomapan 100 ya Ucheki na sijaona sababu ya kuhama. Watu hukimbilia ASA 400 wakidhani ni bora kwa kila kitu, lakini Zenit-E inaishia kasi ya 500 na tundu 16. Kwa jua la Mwanza, ASA 400 inakufikisha kwenye ukingo huo mchana kutwa, na ukigeukia maji yanayomemetuka huna pa kwenda.

Kanuni ni ya zamani na inafanya kazi: jua kali, tundu 16, kasi iliyo karibu na namba ya ASA, yaani 125. Wingu jepesi, tundu 11. Kivulini penye anga wazi, 5.6 au 4.

Ila sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Saa sita jua liko utosini, na mtu mwenye kofia au kilemba uso wake wote uko gizani. Kadiria mwanga wa usoni, si wa angani. Ukiwa Mwaloni pale Kirumba na unataka kumpiga mama anayeanika dagaa, dagaa wenyewe wanang'aa kama bati na watakudanganya ufunge tundu. Fungua. Mkanda huu unavumilia mwanga ukizidi kidogo, lakini uso usiopata mwanga hakuna dawa itakayourudisha. Bora zaidi, muombe ruhusa jioni, rudi kesho yake saa moja na nusu asubuhi.

Hatua ya 3: Magadi

Hapa ndipo nilipopoteza mikanda mitatu, mmoja wao wa shangazi yangu kule Igombe, uliotoka kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Soma polepole.

Dawa ya kahawa haifanyi kazi bila magadi makali. Kahawa na vitamini C ndizo zinazogeuza chembe za fedha zilizopigwa na mwanga ziwe nyeusi, lakini zinaweza kufanya hivyo tu ndani ya maji yenye ukali wa magadi. Kinachotakiwa ni sodiamu kaboneti kavu. Mapishi ya ughaibuni yanasema "nunua magadi ya kufulia", mtu wa Mwanza anakwenda sokoni anarudi na magadi ya mawe. Nami nilifanya hivyo hivyo. Magadi ya mawe ni ya maharage na ugoro. Ndani yake kuna kaboneti, kuna baikaboneti ambayo ukali wake ni mdogo, kuna maji, chumvi na udongo, na kila fungu lina mchanganyiko wake. Ukipima gramu 27 za leo na gramu 27 za mwezi ujao, umepima vitu viwili tofauti. Chumvi nayo inachelewesha dawa. Ndiyo maana mkanda wangu mmoja ulitoka hafifu, wa pili ukatoka afadhali, wa shangazi ukafa kabisa, nami nikawa nalaumu kamera.

Njia ninayoiamini sasa: nunua baikaboneti ya kuokea, ile ya unga mweupe safi, uichome mwenyewe hadi iwe kaboneti. Usichukue unga wa kuumulia keki. Ule umechanganywa na asidi na wanga.

Tumia kikaango cha chuma. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na magadi yakipata unyevu yanaila alumini. Pima gramu 200 za baikaboneti, zitandaze nyembamba, weka kwenye jiko la mkaa au la gesi, moto wa wastani. Baada ya dakika chache utaona unga mkavu unachemka kama uji: unapanda, unatoboka vishimo, unatembea wenyewe kikaangoni. Huo ni mvuke na hewa ya kaboni inatoka. Koroga kwa mwiko mkavu, usiinamishe uso juu yake, maana vumbi lake linawasha pua na macho.

Unga ukitulia, watu wengi hushusha. Usishushe kwa macho, shusha kwa mizani. Baikaboneti ikigeuka yote inapoteza asilimia 37 ya uzito. Gramu 200 lazima zifike 126. Zikiwa 150 bado una mchanganyiko. Rudisha motoni, koroga, pima tena kila robo saa hadi namba igome kushuka. Kwangu huchukua kama saa nzima. Mizani ya jikoni ya dijitali inayopima gramu moja moja inatosha, na kama una fedha ya kununua kifaa kimoja tu, nunua mizani kabla ya lenzi.

Jambo la pili ambalo lilinichukua miezi kulitambua: kaboneti kavu inanyonya unyevu wa hewa. Hapa ziwani, hasa masika, kopo lisilofungwa vizuri linanenepa. Ikinyonya maji, inaweza kuongezeka uzito karibu asilimia 17. Kwa hiyo unaweza kupima gramu 27 sahihi kabisa mizanini huku sehemu yake ni maji. Hifadhi kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana, na kama ina zaidi ya mwezi, ipashe tena kikaangoni dakika kumi kabla ya kupima.

Sasa mchanganyiko wa nusu lita, unaotosha tanki (chombo kisichopitisha mwanga, ambamo mkanda hutiwa dawa) la mkanda mmoja:

kaboneti kavu gramu 27
vitamini C ya unga gramu 8
kahawa ya kuyeyuka papo hapo gramu 20

Kahawa natumia Tanica, inayotengenezwa Bukoba. Kagera wanalima robusta kwa wingi, na robusta ndiyo inayofaa zaidi kwa kazi hii. Asikushawishi mtu utumie arabika ya bei mbaya. Isiwe ile iliyochanganywa maziwa na sukari. Vitamini C tafuta ya unga. Vidonge vya kutafuna vya rangi ya chungwa vina sukari na rangi.

Anza na maji mililita 400. Kaboneti iingie kwanza, nayo itayapasha maji moto kidogo, usishangae. Ikishayeyuka yote weka vitamini C, mwisho kahawa. Koroga taratibu usitengeneze povu, jaza hadi 500, acha itulie dakika kumi. Harufu yake ni mbaya na nyumba nzima itajua. Itumie ndani ya nusu saa, haihifadhiki.

Kabla hujaitia kwenye tanki, kata kipande cha ule ulimi wa mkanda uliobaki nje, kitumbukize kwenye dawa mchana kweupe. Kikiwa cheusi tii ndani ya dakika chache, endelea. Kikibaki kijivu, mwaga, rudi kwenye kikaango. Kipande hiki cha sentimita mbili kingeokoa mkanda wa shangazi.

Hatua ya 4: Kuingiza mkanda kwenye rili

Rili ni gurudumu linaloushika mkanda ndani ya tanki, na mkanda huingizwa humo gizani. Fanya mazoezi kwa mkanda mbovu, kwanza ukitazama, kisha umefumba macho. Mfuko wa giza kwa joto letu unatoa jasho mikononi baada ya dakika tano, na rili ya plastiki yenye unyevu inaushika mkanda haisogei. Mimi naingia bafuni usiku, taa zote za nyumba zimezimwa, taulo chini ya mlango, rili imekaushwa juani tangu mchana. Mkanda ukikwama usilazimishe. Rudisha nyuma nusu mzunguko, anza tena.

Hatua ya 5: Kusafisha

Muda wa dawa hii ni dakika 15 kwa digrii 20. Maji ya bomba kwangu mchana yana digrii 26. Wengine hutia barafu, nami siipendi, kwa sababu inashusha ghafla kisha joto linapanda katikati ya kazi. Tumia mtungi. Maji yaliyolala kwenye mtungi wa udongo penye upepo huwa 22 au 23 bila gharama yoyote. Changanyia dawa kwa maji hayo, na tanki likae kwenye beseni la maji hayo hayo.

Kwa kila digrii inayozidi 20 napunguza sehemu ya kumi ya muda uliobaki: digrii 22 ni dakika 12, digrii 24 ni dakika 10. Juu ya 24 sifanyi. Gelatini, ule utando wa mkanda unaobeba picha, inalainika na muda unakuwa mfupi mno kwa mkanda kuiva sawasawa.

Lowesha mkanda kwa maji matupu dakika moja, mwaga (yakitoka na rangi ni sawa), mimina dawa. Pindua tanki mara kumi dakika ya kwanza, kisha mara tatu kila dakika, na kila ukimaliza ligonge mezani ili mapovu yaachie mkanda. Ukimaliza, suuza kwa maji mara tatu au nne. Siki, ambayo wengine huitumia kusimamisha dawa, haihitajiki.

Hatua ya 6: Fiksa

Fiksa huondoa chembe za fedha ambazo hazikupigwa na mwanga, nayo ndiyo dawa pekee isiyopatikana jikoni. Tafuta sodiamu thiosalfeti kwa wauza kemikali za maabara. Gramu 125 za chenga kwa nusu lita. Maji yaanze ya vuguvugu, maana hii inafanya kinyume cha kaboneti: ikiyeyuka inayapoza maji hadi chupa inatoa jasho. Subiri joto lilingane na la dawa.

Tumbukiza kipande kibichi cha ulimi, hesabu muda hadi kiwe angavu, uzidishe mara mbili. Kwangu nafanya dakika 10.

Ukifungua tanki, tazama pembeni mwa mkanda kabla ya picha. Namba za fremu zilipigwa kiwandani, hazihusiani na kamera yako. Namba zikiwa nyeusi na picha hafifu, kosa ni la mwanga. Namba zenyewe zikiwa hafifu, kosa ni la dawa. Mpwa wangu alipouinua mkanda wa kwanza alisema, "Mjomba, namba zinasomeka!" kabla hajaitazama sura ya mtu yeyote.

Hatua ya 7: Kuosha na kuanika

Bomba likitoka siku mbili kwa wiki, huwezi kuosha mkanda nusu saa. Jaza tanki, pindua mara 5, mwaga. Jaza, pindua mara 10, mwaga. Jaza, pindua mara 20, mwaga. Njia hii ni ya Ilford, kampuni ya mikanda, na inatosha. Suuza mwisho kwa maji ya betri ya kituo cha mafuta, yale yaliyotakaswa, ili matone yasiache madoa. Soma chupa vizuri: tindikali ya betri inauzwa rafu hiyo hiyo.

Anika bafuni kwa vibanio viwili vya nguo, kimoja juu, kimoja chini kwa uzito. Dirisha lifungwe na taa izimwe. Wale vijidudu wa ziwani wanaopanda kama moshi juu ya maji hufuata taa, na mdudu akigusa gelatini mbichi hang'oki bila kuacha alama. Mkanda wa pili wa mpwa wangu una mmoja, juu kabisa ya picha ya jiwe la Bismarck, lile lililo ziwani.

Fiksa itumie tena hadi muda wa kile kipande kuwa angavu ufike mara mbili ya ulivyokuwa mwanzo. Ikichoka ina fedha iliyoyeyuka ndani, na mifereji yetu inaishia ziwani, kwa samaki tunaowala. Imwage kwenye dumu, tia stili waya wa kusugulia sufuria, acha wiki moja hadi mbili. Chuma kinayeyuka, fedha inakaa chini kama tope jeusi. Dumu langu liko nyuma ya choo, nimeliandika SUMU kwa rangi nyekundu, na mfuniko wake nimeufunga kwa waya.