Somo: Samaki mbichi na mnyoo wa Anisakis

Samaki akiwa wa kupaka au wa mchuzi, moto umeshaumaliza mnyoo huu. Somo hili ni la mnaotengeneza sushi au samaki wa ndimu, nyumbani ama hotelini.

Mnyoo huu ukikomaa huishi tumboni mwa nyangumi, pomboo na sili. Mnyoo mchanga hupita kwa uduvi wadogo, kisha samaki na ngisi wanaowala. Sisi tunauokota njiani, tukila samaki hao wabichi.

1. Mtumbue samaki mara tu anapofika. Akishakufa, mnyoo unaweza kutoka kwenye matumbo na kuingia nyamani. Aliyelala na matumbo yake, mimi simtumii mbichi hata kidogo.

2. Kata minofu myembamba, iangalie kwenye mwanga. Mnyoo ni mweupe, urefu sentimita 2 au 3, umejiviringisha kama dawa ya mbu ya kuwasha. Uchokoe kwa ncha ya kisu, utauona unajinyoosha. Ila usitegemee macho peke yake.

3. Gandisha. Hapa ndipo penye kinga. Nyuzi 20 chini ya sifuri, siku 7 kamili. Uholanzi walikuwa wakiugua kwa kula samaki aina ya heringi akiwa mbichi. Mwaka 1968 sheria ikalazimisha kugandisha, ugonjwa ukakaribia kwisha. Weka kipimajoto ndani ya friza, kwani nyingi za nyumbani hazifiki baridi hiyo.

4. Huna friza ya hivyo? Pika mpaka katikati ifike nyuzi 63.

MASWALI

– Dada, nimemlaza kwenye ndimu usiku kucha, amekuwa mweupe. Si ameiva?

Hapana, mdogo wangu. Ndimu imegeuza nyama tu, mnyoo u hai. Japani watu huumwa kwa vibua wa siki vivyo hivyo.

– Nitajuaje nimeupata?

Tumbo hukata vikali juu ya kitovu saa chache baada ya kula, pamoja na kutapika. Nenda hospitali, na umwambie daktari ulikula samaki mbichi na saa ngapi; usipomwambia atadhani ni vidonda vya tumbo. Huteremshwa mpira wenye kamera na koleo dogo, mnyoo ukavutwa nje.

– Mume wangu huvimba midomo akila samaki. Nikigandisha ataweza?

Usimpe. Baridi huua mnyoo, lakini kinachomletea mzio hubaki nyamani, hata samaki akipikwa. Apimwe kwanza, na pumzi ikibana mkimbize hospitali usiku huohuo.