Jinsi ya kushika maneno ya mahakamani kwa Kiingereza

Usianze na kamusi nzima utachoka bure, anza na watu waliomo kwenye kesi. Jaji ni judge, shahidi ni witness, hao rahisi. Kazi iko kwa defendant, maana kwenye kesi ya jinai ni mshtakiwa ila kwenye kesi ya madai ni mdaiwa tu, hajashtakiwa kwa jinai yoyote, na anayemdai ndo plaintiff, kwa hiyo kabla hujatafsiri jiulize kwanza hii ni kesi gani.

Alafu kuna maneno unayodhani unayajua, haya ndo yanaangusha wengi. Sentence pale sio sentensi, ni adhabu anayopewa mtu, na inakuja baada ya verdict ambayo ni uamuzi kama ana hatia au hana. Party sio sherehe, ni upande mmoja wa kesi. Bail ni dhamana, appeal ni rufaa.

Mi nashauri yapange kwa mtiririko wa kesi yenyewe, kukamatwa, kushtakiwa, ushahidi, uamuzi, adhabu, rufaa, kisha simulia kesi ya kubuni kwa sauti ukitumia kila neno, na guilty, yaani mwenye hatia, usiipeleke kwenye kesi ya madai, huko wanasema liable, yaani anayewajibika.